Waya Hufia Nchani

Waya wa maiki ni nadra kufia katikati. Hufia nchani, pale nyuzi za shaba zinapoingia kwenye jeki, kwa kuwa hapo ndipo unapokunjwa, unapovutwa na kukanyagwa. Hapa Kirumba, Mwanza, jambo hili liko wazi: kwaya huhamisha vyombo kanisa hadi kanisa, wenye muziki wa harusi hufunga na kufungua usiku uleule, na mikutano ya uwanja wa Furahisha hutandaza waya vumbini kutwa nzima. Ukiupima waya uliotupwa eti umekufa, mara nyingi utakuta mita zote ni nzima. Kilichoachia ni kiungo kisichozidi upana wa ukucha. Anayejua kulehemu kiungo hicho nyumbani kwake ndiye mwenye waya hasa. Mwingine ameukodi tu mpaka utakapokatika.

Ujuzi wenyewe ni mdogo, ila una adabu yake. Lehemu ya bati 63 na risasi 37 kwa mia huyeyuka kwenye nyuzijoto 183, na anayeanza hudhani kazi ni kuiyeyusha kwenye pasi ya kulehemu kisha kuidondosha kiungoni. Itaganda pale juu, imefifia, bila kushika. Kinachopashwa moto ni pini na nyuzi. Vikishika joto, lehemu hujivuta yenyewe ndani na kung'aa. Kwenye jeki ya maiki yenye pini tatu, ya 1 ni ngao, ya 2 na ya 3 hubeba sauti ileile, moja ikiwa imegeuzwa. Mngurumo wa umeme huziingia zote mbili kwa usawa, na mikisa inapochukua tofauti yao, mngurumo hujifuta. Aliyelehemu pini hizo kwa mkono wake hatakubali tena kuambiwa kwamba vyombo vina pepo.

Atatokea wa kusema waya wa dukani ni rahisi. Ni kweli, lakini jeki zake nyingi zimezibwa kwa plastiki isiyofunguka, na nyaya nyingine ndani ni alumini iliyopakwa shaba: kwangua kwa wembe, ukiona weupe, urudishe. Je, waya wa nyumbani una sauti tamu zaidi? Hauna, na anayedai hivyo anauza kitu. Kuhusu sumu, risasi haichemki kwa joto la pasi. Moshi ule ni wa utomvu wa msonobari, nao unatosha kukufanya ufungue dirisha. Risasi huingia kwa vidole, hivyo nawa kwa sabuni kabla ya kugusa ugali na sato. Pingamizi lenye uzito kwangu ni la riziki: fundi redio wa mtaani atakula nini? Apelekewe amplifaya zilizoungua, kazi inayotaka ujuzi wake wote na inayomlipa kuliko kuunga jeki za watu wanaoharakia harusi.