Wahamishaji wa Joto

Chini ya bustani ya Katri Vala mjini Helsinki kuna pango lililochongwa kwenye mwamba, na humo ndani umo mtambo unaopasha nyumba joto na kupoza maofisi. Ulianza kazi mwaka 2006. Wenyeji wengi wanaopita juu yake hawauwazii kabisa, na kutowaza huko ni sifa kubwa kwa wanaouendesha, maana mtu hukumbuka mtambo wa joto siku radieta yake inapopoa.

Baridi haitengenezwi. Ni joto linalotolewa mahali pamoja na kupelekwa pengine. Anayegusa mgongo wa friji yake jikoni atalikuta joto lililotolewa kwenye maziwa na mboga. Katri Vala hufanya kazi hiyohiyo kwa kiwango cha jiji. Majitaka yakishasafishwa hupitishwa hapo kabla ya kumwagwa baharini. Majira ya baridi maji hayo huwa na nyuzi kama 10 tu, lakini pampu za joto huyanyonya joto hadi zibaki nyuzi 4 hivi, na kilichonyonywa hupandishwa mpaka maji ya mabomba yanayokwenda majumbani yakaribie nyuzi 90. Kiangazi chanzo hubadilika: maji yanayorudi kutoka kwenye maofisi na vyumba vya kompyuta huja na joto la humo, pampu huyapoza na kuyarudisha, na joto lao huwapatia watu maji ya kuogea.

Mashine moja, wateja wawili wasiokubaliana. Asubuhi ya Mei nyumba zinataka joto. Adhuhuri jua linapiga vioo vya maofisi nayo yanadai ubaridi. Joto lisilo na mnunuzi hutupwa baharini, na hapo ndipo opereta hodari anapojulikana: kwa kupanga mapema ili atupe kidogo iwezekanavyo.

Nyuzi 4 hizo za majitaka si mchezo. Mkondo wa maji ukikatika ghafla huku kompresa ya pampu inaendelea kuvuta joto, maji yaliyobaki kwenye mirija huganda, yanatanuka na kuipasua, na gesi ya kupozea inachanganyika na maji. Kompresa zenyewe, hizi kubwa za kuzungusha gesi kwa kasi, nazo zina ugonjwa wao. Gesi ikipungua mno ndani yake, mkondo hurudi nyuma kwa kishindo, kisha husukumwa mbele tena, na tena, huku beringi zikiumia. Kompyuta huwahi kufungua vali ya kuokoa. Fahari ya opereta ni kutoifikisha mashine huko: mlio ukianza kubadilika, yeye tayari ameshapunguza mzigo.

Lakini ustadi ninaouona mkubwa kuliko wote ni ule usio na kelele. Uchafu hujipaka taratibu ndani ya mirija, na dalili yake ni pengo kati ya joto la maji na joto la gesi inayopakana nayo. Wiki hii pengo ni nyuzi 2, wiki ijayo 2 na nusu. Hakuna kengele itakayolia kwa nusu nyuzi. Anayesoma daftari la zamu kwa makini, akalinganisha namba za leo na za mwezi uliopita mzigo ukiwa uleule, ndiye anayeagiza mirija isafishwe kabla umeme haujaanza kupotea bure. Ndiyo maana dakika za kupokezana zamu ni kazi kamili: anayeondoka humwambia anayeingia ni pampu ipi imeanza kumtia shaka, hata kama geji zake zote zinasoma sawa.

Sasa mzigo wa maamuzi umeongezeka. Helsinki ilifunga kituo cha makaa ya mawe cha Hanasaari mwaka 2023, na kituo kingine, Salmisaari, kikaacha makaa mwaka 2025. Joto la jiji linategemea zaidi umeme, ambao bei yake hupanda na kushuka ndani ya siku moja. Chini ya kisiwa cha Mustikkamaa, mapango yaliyokuwa maghala ya mafuta yamejazwa maji ya moto, jumla ya lita milioni 260. Umeme ukiwa rahisi, pampu huongezwa kasi na ghala hujazwa. Ukiwa ghali, pampu hupunguzwa na maji hayo hupelekwa majumbani. Lini kujaza na lini kuchota ni swali la kila zamu, na anayelijibu huanza na utabiri wa hali ya hewa.