Mgeni Asiyeuliza



Ukikaa barazani baada ya Isha utasikia khabari za miji. Aliyekwenda Dubai atakueleza maduka na maghorofa, aliyekwenda Cairo atakutajia Al-Azhar na wingi wa watu, na aliyepita Istanbul hamalizi sifa za misikiti yake. Tunawasikiliza kwa hamu, tena tunawauliza: mlikula nini, jengo lile kalijenga nani, watu wake wakoje? Kisha hugeuzwa uso kwa jamaa aliyerudi Njombe kwa kazi au biashara, naye hujibu kwa maneno mawili: "Baridi tu." Akizidisha ataongeza kuwa hakuna chakula, hakuna cha kutazama, na watu wake washamba. Basi khabari za Njombe zimekwisha, baraza hurudi Dubai.

Nia yangu leo ni kuipima simulizi hiyo kama tunavyopima kitabu. Je, msimulizi wetu aliona alichokuwa akikitazama? Mimi nasema hakuona, na sababu si macho.

Tutumie kipimo cha watu wetu wenyewe. Ibn Battuta, mtu wa Tanja, alifika Mombasa na Kilwa mwaka 1331. Maneno aliyoyaacha juu ya Mombasa ni machache, lakini tazama alichokichagua: kwamba watu wake hawalimi nafaka bali huletewa kutoka nje ya kisiwa, kwamba chakula chao ni ndizi na samaki, na kwamba misikiti yao ni ya mbao na imejengwa kwa ustadi. Mtu huyu alikwisha kuiona Cairo na Damascus na Makka. Angeweza kusema Mombasa hakuna kitu. Badala yake aliuliza chakula kinatoka wapi. Swali hilo moja ndilo lisilomjia msafiri wetu anaposhuka Makambako.

Na lingemjia, angestaajabu. Viazi vya chipsi anazomnunulia mwanawe jioni, Dar es Salaam au Unguja, sehemu kubwa hutoka nyanda hizi za juu. Mbao za paini zilizoezekea nyumba yake huenda zilipasuliwa huku. Nguzo inayobeba waya wa umeme mtaani kwake ni mkaratusi wa mashamba kama ya huku. Hata maji! Katikati ya mji wa Njombe yapo maporomoko ya mto Luhuji, ambayo msafiri wetu hupita karibu nayo bila kugeuza shingo. Maji yale huteremka mpaka Kilombero, na Kilombero huingia Rufiji, na Rufiji hufika baharini kuikabili Mafia. Kamba wa delta ya Rufiji tunaowasifu mezani wanaishi kwa maji hayo. Na bwawa la Julius Nyerere, lililojengwa kwa megawati 2,115, huyapokea njiani.

Makambako yenyewe wengi wetu tumeiona kwa dirisha la basi. Ni njia panda: barabara kuu ya Dar es Salaam na Zambia inapita, na ya Njombe na Songea inachepuka. Ina kituo cha reli ya TAZARA, iliyojengwa na Watanzania, Wazambia na Wachina kati ya 1970 na 1975, kilomita 1,860. Kipande cha kupanda kutoka Mlimba hadi Makambako ndicho kilichokuwa kigumu kuliko vyote, kwa mahandaki na madaraja yake. Makaburi ya Wachina waliokufa katika kazi ile yako Gongo la Mboto, karibu na nyumbani kwetu. Mtu anayetafuta athari ya kutazama na asishughulike kushuka pale kituoni, huyo hakutafuta.

Kutoka hapo ni kama kilomita 60 tu mpaka Njombe, katikati ya chai na miti ya paini. Baridi ni ya kweli, sikatai. Juni na Julai chukua sweta nzito, na alfajiri ukitia maji usoni utaikumbuka fadhila ya kukamilisha udhu wakati wa taabu.

Sasa chakula, maana hapa ndipo msafiri wetu anapojiona yuko juu ya dini. Ni wajibu Muislamu kuangalia anachokula, na nyama ya nguruwe huku huuzwa waziwazi. Lakini kuna kuuliza na kuna kutukana. Nilimwona abiria mmoja wa pwani, stendi ya Makambako, amemsimamia mama muuza chakula akimwuliza kwa sauti ya polisi: "Mafuta haya ya mnyama gani?" Sufuria ilikuwa ya mahindi ya kuchemsha! Mama yule alitazama chini. Bwana yule akarudi garini akala biskuti, na bila shaka alipofika kwao alisema Makambako hakuna chakula. Angeanza na "Kamwene", salamu ya wenyeji, kisha akauliza kwa upole, angeonyeshwa viazi, maharage, parachichi, mapichisi, maziwa, na mkahawa wa Muislamu ulipo. Kuuliza kwa adabu hakupunguzi uhalali wa tonge.

Vivyo hivyo ulanzi. Ni utomvu wa mianzi michanga. Ukigemwa leo ni mtamu, ukilala huchachuka na kulevya. Mwenyeji akikukaribisha anakuheshimu. Sema ahsante, dini yangu hainiruhusu, niletee chai. Na chai ya huku ni nzuri. Wala tusijifanye ulevi umezaliwa bara. Sisi watu wa minazi tunaijua vizuri kazi ya mgema.

Na jambo hili zito nisilipite. Uchunguzi wa taifa wa 2022/23 ulionyesha kuwa katika Mkoa wa Njombe watu wazima 12.7 katika kila mia wanaishi na virusi vya UKIMWI, ilhali kwa nchi nzima ni 4.4. Barazani hutajwa kama aibu ya wenyeji. Lakini njia kuu ina wapitaji, na miongoni mwa wapitaji wamo madereva, matingo na wafanyabiashara wa kwetu, waume wa wake zetu. Yule asemaye bara hakuna kitu, usiku wa Makambako alilala wapi?

Tukija kwenye tarikhi, Vita vya Maji Maji tunavisimulia kama vya Kilwa na Umatumbi. Vilifika hadi Ubena: Mbeyela, mtawala wa Wabena, aliingia vitani, na Septemba 1905 misheni ya Yakobi karibu na Njombe ilishambuliwa. Baadaye, wakati wa Waingereza, Njombe ikawa moja ya chemchemi za vibarua wa mashamba ya mkonge ya Tanga. Waliandikwa kwa namba, wakaitwa manamba. Maana yake, ndugu msomaji, wao ndio waliotangulia kuwa wageni wetu. Walikaa Muheza, Korogwe na Pangani miaka mingi. Wengine walisilimu, wakaoa, wakazikwa huko. Katika simulizi zetu za pwani wako wapi? Tunawakuta katika matani na matusi tu.

Mzee mmoja msikitini Njombe, baada ya Adhuhuri, alinisalimu kwa Kiswahili cha Tanga kabisa. Kumbe babake alikuwa manamba, naye alisoma juzuu zake chuoni huko Muheza kabla ya kurudi kwao. Alinitajia mitaa, akataja mwembe uliokuwa karibu na chuo. Kisha akaniuliza, bila ukali wowote, kama watoto wa pwani siku hizi bado wanawaita Wabena washenzi. Nilimwambia nitauliza.