Nani Anapiga Simu ya Mama?

Kuna shosho mmoja kwenye The Mole Agent, dokumentari ya Maite Alberdi ya 2020, anayesimama langoni pa makao ya wazee akiwaomba wapita njia wamtoe humo. Anamsubiri mamake, na mama hafiki. Basi simu inapigwa. Anayeongea upande wa pili ni mhudumu wa hapo hapo, amejifanya mama, anambembeleza atulie. Shosho anatulia, na filamu inaendelea na mambo mengine.

Ingekaa hapo.

Kwa ambaye hajaitazama, stori yenyewe ni tamu hata ya kusimulia kwenye matatu. Mpelelezi wa kibinafsi nchini Chile anaweka tangazo gazetini, anatafuta mwanaume wa miaka 80 hadi 90. Anampata Sergio Chamy, miaka 83, aliyefiwa na mkewe majuzi tu. Anamfunza WhatsApp (utacheka, utakumbuka wazee wako wote), anampa kalamu na miwani yenye kamera ya siri, kisha anamwingiza kwenye makao hayo mjini El Monte kwa miezi mitatu. Kuna binti anayeshuku kwamba mamake anateswa humo. Alberdi na kikosi chake walishaingia mapema wakisema wanarekodi filamu kuhusu uzee. Kumbe hawakudanganya sana.

Sergio hapati mateso. Anachopata ni upweke, na ripoti yake ya mwisho inasema hivyo: wazee hawatembelewi, na huyo binti angekuja mwenyewe badala ya kutuma jasusi. Watu wengi hulia hapo.

Ripoti hiyo inatufurahisha sana sisi huku, maana inathibitisha tunachojiambia kila siku, ati watu wa ng'ambo hutupa wazazi wao, sisi hatuwezi. Ni kweli, wengi wetu hatumpeleki mzazi kwenye makao. Anaachiwa binti ambaye hakuolewa, au dada wa kazi wa miaka 19, na grupu ya familia inachanga kwa M-Pesa kila mwisho wa mwezi. Akianza kutoka usiku kutafuta ng'ombe waliouzwa zamani, tunasema ni uzee tu. Majirani nao wananong'ona uchawi. Halafu lango linatiwa kufuli. Tofauti ya lango hilo na lile la El Monte ni kwamba letu halina mtu wa kupiga simu.

Kosa la filamu, na naipenda, ni kuuacha upweke ubebe kila kitu. Kuna shosho mwingine ambaye kumbukumbu inamtoka na anajua inamtoka. Sergio anamtafutia picha za watoto wake, anakaa naye, anamwacha alie. Sijaona tukio zuri kama hilo kwenye filamu ya uzee. Lakini mzee anayesahau na kulia anaweza kuwa na mambo mawili tofauti. Sonona ya uzeeni hufanana sana na ugonjwa wa kusahau, na sonona inatibika. Ukimaliza kesi kwa kusema "ni upweke," umemletea mgeni mtu ambaye pengine alihitaji daktari.

Aliyemjibu Sergio ni Alberdi mwenyewe. Mwaka wa 2023 alitoa The Eternal Memory, kuhusu mwanahabari Augusto Góngora, mgonjwa wa Alzheimer, na mkewe Paulina Urrutia, mwigizaji aliyewahi kuwa waziri wa utamaduni. Huyu hajatupwa. Anaishi kwake, kati ya vitabu vyake, anapendwa kutwa kucha, hadi mazoezini kwa mkewe anapelekwa. Bado kuna usiku anaamka na hofu, hamtambui Paulina, na Paulina yuko peke yake na kamera aliyoachiwa kwa sababu korona imewazuia wapiga picha kuingia. Mapenzi yapo, ugonjwa unaendelea tu.

Ndiyo maana namrudia yule mhudumu. Wengine watasema amemdanganya mgonjwa. Mimi naona amejibu hofu, akaliacha swali. Hiyo ni kazi ya ujuzi: kujua sauti gani, saa gani, maneno mangapi, huku wazee wengine wakisubiri kulishwa. Kamera ya siri ilitumwa imchunguze yeye na wenzake kama watuhumiwa. Ilipoona hawana hatia, ikapoteza hamu nao.

Na si ati kazi hii hatuijui. Muulize binamu yako aliye Minnesota. Alisomea, akafanya mtihani, anajua kumgeuza mzee kitandani bila kumchubua, anajua kutobishana na anayedai ni mwaka mwingine. Kifungu cha 57 cha Katiba yetu kinasema mzee ana haki ya kutunzwa na familia yake pamoja na Serikali. Familia imekuwa grupu ya WhatsApp. Serikali sijui iko grupu gani.

Ningelipia filamu ya tatu. Kamera ibaki na mhudumu baada ya kukata simu, tumwone akivuta pumzi, akirudi kwa vyombo, akihesabu dakika kabla shosho hajasahau kwamba mamake amepiga.