Fundi Anayeanza kwa Hesabu

Gereji ya nyumbani hukua kidogo kidogo. Huanza na taa moja na soketi ya kuchajia simu. Baadaye inaingia grinda, halafu kompresa ya upepo, halafu mashine ya kuchomelea. Siku mashine zote tatu zikiwashwa pamoja, breka inakata. Ukiirudisha, inakata tena. Hapo ndipo anaitwa fundi umeme.

Wapo wanaong'oa breka ya ampea 20, wakapachika ya 40, wakalipwa na kuondoka wakisifiwa. Mimi hao siwaiti mafundi. Breka haikuwekwa kulinda mashine; inalinda waya uliomo ukutani, na waya wa milimita 2.5 haunenepi eti kwa kuwa breka imebadilishwa. Mkondo ukiongezeka maradufu, joto ndani ya waya huo huongezeka mara nne, na ganda lake huanza kuyeyuka mahali ambapo hakuna anayeona.

Fundi ninayemsifu mimi haanzi na bisibisi. Huomba kalamu. Husoma kibandiko cha kila mashine, kisha huanza maswali: ukichomelea, kompresa nayo inakuwa imewaka? Na jikoni, wanapika kwa umeme? Anajua kwamba laini ya njia moja ya ampea 60, kwa volti 230, haivuki kilowati 13.8 kwa nyumba nzima. Hesabu ikizidi hapo, atakwambia ukaombe umeme wa njia tatu, ingawa jibu hilo linamkosesha ujira wa leo. Ikitosha, anavuta waya mpya wa gereji peke yake, wa milimita 10 au 16 kwa kadiri ya mzigo na umbali, kutoka meinswichi hadi kisanduku kipya chenye kinga ya umeme unaovuja ya miliampea 30 na nafasi mbili tatu za akiba.

Kisha inakuja sehemu ninayopenda kuitazama. Nyaya zinakata kona pamoja kama nywele zilizosukwa na msusi mmoja. Kila skrubu inakazwa, kisha waya unavutwa kujaribiwa, maana kiungo kilicholegea huchemka hata mzigo ukiwa mdogo. Athi, yaani njia ya umeme kwenda ardhini, haikisiwi, inapimwa.

Kwa hiyo usimnung'unikie fundi aliyekaa saa nzima na karatasi bila kugusa ukuta. Mlipe na saa hiyo, na kabla hajafunga mfuniko, mwombe akuonyeshe kazi yake.