Sifa za Fundi wa Magari Makuukuu
Katika mafundi wote wastahikio taadhima, simwoni wa kumzidi yule ambaye, akiletewa Peugeot 504 kuukuu inukayo petroli, kwanza hufungua waya wa betri, huiacha injini ipoe, huwafukuza wavuta sigara (na hao hawakosekani), ndipo akaufuata mpira wa petroli kwa vidole, toka tangi hadi kabureta, akiutafuta ufa ambao aghalabu hujificha chini ya klipu. Wenye pupa huuzungushia tepu, au hutia mpira wa maji, ambao petroli huulainisha na kuuvimbisha hata ukapasuka. Yeye huuondoa wote, akatia mpya wa petroli hasa, kisha huwasha injini na kuukagua tena. Fundi huyo alipwe siku ile ile, wala asipunguziwe ujira.