Bunduki, Darubini na Orodha

Kiswahili humwita kiumbe mwenye mbawa ndege, na kwa neno hilo hilo huita dalili ya heri au ya shari. Msafiri huombewa ndege njema, na aliyeandamwa na mikosi husemwa kuwa ana ndege mbaya. Bundi akilia juu ya paa, hakuna aulizaye manyoya yake yana rangi gani. Huulizwa nani mgonjwa. Mtu wa pwani na bara alimtazama ndege tangu zamani, lakini mara nyingi alimtazama kwa kutaka habari zake mwenyewe. Kumtazama kiumbe huyu bila ya kumla, kumfuga wala kumwuliza kesho itakuwaje, kwa burudani tu ya macho, ni desturi nyingine, na sehemu kubwa ya maandiko yake imetoka Uingereza na Marekani. Vitabu vitatu vya desturi hiyo vyafaa kupimwa pamoja, kwa kuwa vyaonyesha tabia tatu ambazo watu huzichanganya kuwa moja.

Cha kwanza ni Bird Watching cha Edmund Selous, kilichotoka mwaka 1901. Jina la ukoo huo si geni katika Afrika ya Mashariki. Kaka yake, Frederick Courteney Selous, mwindaji mashuhuri, aliuawa vitani Beho Beho, karibu na mto Rufiji, tarehe 4 Januari 1917, na pori kubwa la akiba likapewa jina lake. Mwaka 2019 sehemu kubwa ya pori hilo ilifanywa Hifadhi ya Taifa ya Nyerere. Ndugu hawa, mmoja alitukuka kwa bunduki, na mwingine aliitupa. Edmund hafichi kwamba naye alikuwa katika jeshi la wauaji wa ndege, ingawa shabaha yake ilikuwa duni, na huwasihi wasomaji waweke bunduki chini na kushika darubini. Ombi hilo halikuwa dogo kwa wakati wake, maana ndege aliyejulikana kwa wataalamu alikuwa ndege mfu, amejazwa pamba, amelala katika mtoto wa meza.

Uandishi wa Selous huchosha, na haifai kuficha hilo. Hukaa akitazama jozi moja ya ndege kwa muda mrefu, akaandika kila walitendalo, kisha akamtaka msomaji akae naye. Lakini uchovu huo una faida yake. Hahesabu aina, hamwoni ndege kuwa kitu cha kupatwa. Amri yake kwa nafsi yake ni kungoja, na katika kungoja huko ndege huacha kuwa picha, akawa mwenye tabia, hasira na mashauri yake.

Orodha ilikuja kwa njia nyingine. Wako waisemao kuwa ni bunduki iliyobadili nguo: mwindaji huhesabu mizoga, mtazamaji huhesabu majina, na tamaa ni ile ile. Neno hili lina ukweli, lakini historia hailikubali lote. Marekani ilikuwa na desturi ya watu kutoka siku ya Krismasi kushindana kuua ndege na wanyama. Mwaka 1900 Frank Chapman, mtaalamu wa ndege wa jumba la makumbusho la New York, alishauri watu watoke siku hiyo kuwahesabu ndege walio hai. Walioitikia mara ya kwanza walikuwa 27, na hesabu hiyo imeendelea kila mwaka hata leo. Basi orodha iliingia hapo ili kuipokonya bunduki kiti chake. Bahati mbaya, akaliaye kiti cha mwingine huweza kujifunza kukaa kama yeye.

Jinsi ya kukaa huko yaonekana katika Birding on Borrowed Time, kitabu cha Phoebe Snetsinger kilichotolewa mwaka 2003, yeye akiwa amekwisha kufa. Mama huyu wa Kimarekani, mwenye watoto wanne, alionyeshwa ndege mmoja mzuri na jirani yake mwaka 1965, na moyo wake ukatekwa. Mwaka 1981 waganga walimwambia kuwa ana saratani ya ngozi na kwamba siku zake ni chache. Alichagua kusafiri. Siku chache zikawa miaka 18, na mwaka 1995 alikuwa mtu wa kwanza kupata kuona aina zaidi ya 8,000. Alifariki Madagaska mwaka 1999, gari lilipopinduka, muda mfupi baada ya kumwona ndege ambaye wataalamu walikuwa wamempa jina la kielimu mwaka 1997 tu.

Kurasa nyingi za kitabu hiki zimejaa ndege wenye mbawa na ndege za abiria, hata msomaji hutamani safari moja ifutwe. Lakini ni makosa kumdharau Snetsinger, kama wafanyavyo wanaomtaja ili wamcheke. Alijifunza nyumbani kwa bidii kabla ya kila safari, akaweka kumbukumbu zake katika kadi, na hakuridhika na jina ambalo hakuziona alama zake. Hesabu yake ilikuwa elimu. Gharama yake ni jambo jingine. Mwaka 1986 alishambuliwa na kunajisiwa huko Papua New Guinea, na bado hakuacha kusafiri. Olivia Gentile, aliyeandika maisha yake mwaka 2009, aeleza kuwa alikosa mazishi ya mama yake na arusi ya binti yake. Orodha haina safu ya mambo hayo. Thamani ya kitabu imo hapa: mwandishi alikusudia kusimulia ushindi, na msomaji akasoma pia habari ya mtu anayekimbizana na mauti, ambaye hangeweza kusimama kuangalia kitu kimoja mara mbili.

Simon Barnes, mwandishi wa michezo wa gazeti la The Times, alijibu tabia hiyo mwaka 2004 kwa How to Be a Bad Birdwatcher. Kwake, mwenye kumwona ndege dirishani akafurahi amekwisha hitimu. Maneno haya ni matamu na kwa sehemu kubwa ni ya haki. Yamefungua mlango kwa watu walioogopa kuitwa wajinga. Ila Barnes ana hila kidogo. Uvivu ausifuo ni uvivu wa fundi ambaye mikono yake imekwisha kujua kazi. Furaha yake imesimama juu ya majina aliyojifunza, na mtu asiyeweza kumtenga mbayuwayu na teleka hataipata yote kwa kuambiwa asijisumbue.

Tena raha ya mtazamaji mmoja mara nyingi ni kazi ya mwingine. Kenya na Tanzania kila moja ina zaidi ya aina 1,000 za ndege, na wageni huja kuziona. Katika msitu wa Arabuko-Sokoke, karibu na Malindi, yuko bundi mdogo asiyefika urefu wa sentimita 20, ambaye nje ya pwani hiyo ajulikana katika Usambara Mashariki tu. Kiumbe wa jamii iogopwayo juu ya mapaa hutafutwa hapo kwa fedha. Mchana hulala kimya katika kichaka, na mgeni hawezi kumwona bila ya mwongozaji wa hapo. Daftarini huandikwa jina la bundi, mahali na tarehe. Jina la aliyemwonyesha halina mahali pake. Snetsinger angemtazama vema, akaandika, akaondoka. Barnes angefurahi hata kwa kipepeo, bundi asipoonekana. Selous angeketi chini ya kichaka mpaka giza liingie. Mwongozaji hurudi asubuhi ya pili na wageni wengine, naye ndiye ajuaye kama bundi amehama tawi.