Mama Asiyeulizwa Kwao: Nasaba ya Chotara katika Riwaya za Vassanji na Gurnah

Katika mwambao wa Afrika Mashariki, neno suriama humtambulisha mtu kwa hali ya mama yake: mzawa wa suria. Hata hivyo, sheria ya Kiislamu ilimpa nasaba ya baba. Mtoto wa suria aliyekiriwa na baba yake alikuwa huru, na alirithi pamoja na nduguze. Sayyid Barghash, aliyetawala Unguja kuanzia 1870 hadi 1888, alizaliwa na suria wa Kihabeshi. Hivyo basi, mchanganyiko wa damu peke yake haukumnyima mtu kwao. Lililoamua ni nani aliyemkiri. Kwa kigezo hicho zinaweza kupimwa riwaya mbili za Kiingereza zilizotungwa na waandishi waliokulia pwani hii: The Gunny Sack (1989) ya M.G. Vassanji na Desertion (2005) ya Abdulrazak Gurnah.

Katika riwaya ya Vassanji, Dhanji Govindji, mfanyabiashara kutoka Bara Hindi, anamzaa Huseni na Bibi Taratibu, mwanamke mtumwa. Dhanji anapooa mke wa jamii yake, Taratibu anaondolewa. Baadaye Huseni anatoweka, na baba anamtafuta hata kwa fedha za jamaa zilizokuwa amana mikononi mwake, mpaka anauawa. Msako huu unaweza kusomwa kama toba. Lakini ni toba nusu: baba anamtaka mwana, hamtaki mama wa mwana.

Udhaifu huo unajirudia katika usimulizi wenyewe. Salim Juma, mjukuu wa Huseni, anarithi gunia la kumbukumbu kutoka kwa Ji Bai, na humo anachomoa visa vya ukoo wake. Taratibu ndiye mzizi unaomthibitishia kwamba yeye si mgeni Afrika. Hata hivyo, sauti ya mwanamke huyu husikika kwa nadra mno. Jina lake lenyewe ni sifa ya mwenendo unaompendeza bwana; halitaji baba wala ukoo. Salim anapata kwao kwa kupitia mwanamke ambaye riwaya haimwulizi kwao ni wapi.

Yamkini atatokea wa kudai kwamba kimya hicho ni ukweli wa historia, kwani watumwa wengi hawakuacha maandishi. Hoja hiyo haitoshi. Kimya cha kumbukumbu ni jambo moja, kimya cha mtunzi ni jingine. Gurnah naye anakabiliwa na pengo kama hilo. Rehana, binti wa Mhindi na mama Mswahili, anapendana na Mwingereza Martin Pearce mwaka 1899, kisha Pearce anamwacha Mombasa. Fedheha hiyo inamfuata mjukuu wao, Jamila, huko Unguja katika miaka ya 1950, hata wazazi wa Amin wanamkataza kijana wao asimwoe. Jamii iliyokuwa na nafasi kwa suriama haina nafasi kwa Jamila, kwa kuwa babu yake aliondoka bila kuacha nasaba wala ndoa.

Tofauti ya msingi imo katika mbinu. Rashid, nduguye Amin na msimulizi wa kisa, anakatiza masimulizi na kukiri kwamba hajui jinsi mapenzi ya Rehana na Pearce yalivyoanza, inambidi abuni. Kukiri huko hakuzibi pengo, bali kunamfanya msomaji alione. Rehana naye anapewa nafasi ya kufikiri na kuchagua, hata kama chaguo lake linamwangamiza.

Waswahili husema mkana kwao mtumwa. Taratibu hakukana kwao, alinyang'anywa. Riwaya inayomtafutia chotara makao kwa kumwegemea mama wa aina hii, bila kumpa kauli, humrithisha mjukuu mali ya mtu ambaye bado hajaachwa huru.